Udongo usiokomaa: Mtaji kwa mmoja, hasara kwa mwingine

MASHAMBA mkoani Morogoro, kama ilivyo sehemu nyingi za nchi, hukodishwa kwa ekari. Anayekodi huuliza shamba liko umbali gani kutoka barabarani, kama kuna maji karibu, na msimu uliopita lilitoa magunia mangapi. Akiridhika anaandikishana na mwenye shamba mbele ya shahidi, analipa, kisha anakwenda kwa wakala wa pembejeo kununua mbegu na mbolea. Ni wachache mno wanaobeba jembe na kuchimba shimo la kufika kiunoni ili kuona udongo wanaoulipia una kina gani.

Uzembe huo una gharama, na gharama yenyewe inahesabika. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,000. Udongo ukiwa na kina cha sentimeta 120 kabla ya kufika kwenye mwamba, aliyekodi amepata mita za ujazo 4,800 za udongo. Ukiwa na kina cha sentimeta 30 tu, amepata mita za ujazo 1,200. Kodi ni ileile, vibarua wa palizi ni walewale na mfuko wa mbolea ni wa bei ileile, lakini mmoja amekodi shamba na mwenzake amekodi robo ya shamba.

Tofauti hujitokeza mvua zinapokata. Udongo tifutifu wa wastani huhifadhi kama milimita 150 za maji yanayofaa mimea katika kila mita moja ya kina. Kwa hiyo shamba la sentimeta 30 hubakiza milimita 45, na lile la sentimeta 120 hubakiza milimita 180. Mahindi yanapotoa mbelewele hutumia takriban milimita 5 kwa siku. Shamba la kwanza litayatunza siku 9. La pili litayatunza siku 36, iwapo mizizi itafika chini kote. Ikiwa nusu ya udongo wa shamba la kwanza ni changarawe na mawe, zile siku 9 zinashuka na kuwa 4 au 5. Mvua ikikatika kwa wiki mbili katikati ya masika, jambo ambalo mkulima yeyote amewahi kuliona, wa kwanza anapoteza mazao pamoja na mbolea aliyoweka, na wa pili hata hashtuki.

Mara nyingi udongo wa kina kifupi kama huo ni ule ambao wataalamu huuita udongo usiokomaa. Lakini si kila udongo usiokomaa ni mfupi, na wala si kila udongo usiokomaa ni maskini. Baadhi ya mashamba bora kabisa hapa nchini yako juu ya udongo wa aina hiyo hiyo. Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa, wakiwamo baadhi ya mabwana shamba.

Lugha nayo haisaidii. Ukisema "udongo mchanga" kwa maana ya udongo wenye umri mdogo, msikilizaji ataelewa udongo wa kichanga, ule wa ufukweni. Hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa kuna mahali yanakutana. Makala haya yanatumia "usiokomaa" ili kuondoa utata.

Umri wa udongo

Udongo huzaliwa, hukua na huzeeka. Mwamba hupasuka na kuoza, mimea na wadudu huongeza mboji, maji ya mvua husomba chembe na madini kutoka juu na kuyashusha chini, na taratibu tabaka hujitenga. Udongo uliokomaa, ukichimbwa, huonyesha tabaka zinazotofautiana wazi kwa rangi, kwa uzito wa mfinyanzi na kwa jinsi unavyomeguka mkononi. Usiokomaa huonyesha mboji kidogo juu, na chini yake mwamba uliooza nusu, au mchanga, au tope lililoletwa na mto, bila mpangilio mwingine wa maana.

Mrusi Vasily Dokuchaev, aliyechapisha mwaka 1883 kazi yake juu ya udongo mweusi wa Urusi, ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa elimu hii. Mwaka 1941 Hans Jenny, aliyefundisha Marekani, aliweka hoja katika mambo matano: hali ya hewa, viumbe hai, mwinuko wa ardhi, mwamba mzazi na muda. Udongo usiokomaa ni ule ambao mojawapo ya mambo hayo limeuzuia kusonga mbele. Huenda muda haujatosha. Huenda muda upo lakini mteremko ni mkali na kila mwaka juu panabebwa na maji. Huenda mto unafukia kazi ya jana kwa tope la leo. Au mwamba mzazi wenyewe ni mchanga wa kwatzi usiooza, ambao hata ukiachwa kwa maelfu ya miaka hubaki vilevile.

Tanzania ina nafasi yake katika historia hii. Katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, Geoffrey Milne aliandaa miaka ya 1930 ramani ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki. Ni yeye aliyeonyesha kwamba aina za udongo hupangana kutoka kilele cha kilima hadi bondeni kama pete za mnyororo, na mpangilio huohuo hujirudia kilima hadi kilima. Neno alilolitumia, katena, lenye maana ya mnyororo kwa Kilatini, liko leo katika vitabu vya udongo duniani kote. Wasukuma walikuwa wakiligawa shamba kwa namna hiyo bila kungoja kitabu: luseni ni ya kichanga huko juu, itogolo ni ile ngumu isiyopitisha maji, na mbuga ni nyeusi ya bondeni inayopasuka kiangazi. Kila moja ilikuwa na zao lake.

Jinsi udongo unavyopewa jina

Mifumo miwili ndiyo inayotumika zaidi duniani. Ule wa Marekani ulichapishwa mwaka 1975 na leo una makundi makuu 12. Katika mfumo huo udongo ambao haujaanza kujenga tabaka huitwa Entisoli, na ule ulioanza kidogo huitwa Inseptisoli, neno linalotokana na Kilatini kwa maana ya mwanzo. Mfumo wa pili ni wa kimataifa, unajulikana kwa kifupi kama WRB. Ulipitishwa mwaka 1998 ukirithi kazi ya ramani ya dunia ya FAO na UNESCO, na toleo lake la nne la mwaka 2022 lina makundi 32. Humo usiokomaa umegawanywa zaidi: Leptosoli ni ule mfupi ulio juu ya mwamba, Fluvisoli ni wa mito, Arenosoli ni wa kichanga, Kambisoli ni ule ulioanza kubadilika, na Regosoli ni uliobaki.

Neno "uliobaki" linastahili kuangaliwa, kwa sababu ndilo linaloeleza shida yote. Mtaalamu akishachimba shimo, mara nyingi la mita moja na nusu au mbili, akashasoma rangi kwa kutumia kitabu cha rangi cha Munsell, akapima tabaka na kupeleka sampuli maabara, huupitisha udongo huo kwenye maswali yaliyopangwa kwa foleni. Je, ni wa mboji tupu? Je, una mwamba ndani ya sentimeta 25? Je, ni mfinyanzi unaopasuka? Je, una tabaka la mfinyanzi lililoshuka kutoka juu? Ukijibu ndiyo mahali fulani, unatolewa kwenye foleni na kupewa jina. Kambisoli ziko karibu na mwisho, na Regosoli ziko mwisho kabisa. Ni sawa na kuchekecha nafaka kwa chekeche nyingi: kinachobaki mkononi baada ya chekeche ya mwisho kinaitwa Regosoli, kwa sababu hakikuwa kitu kingine.

Ndiyo maana jina la kundi peke yake halimwambii mkulima mengi. Kambisoli zinakadiriwa kufunika takriban hekta bilioni 1.5 duniani. Katika eneo kubwa kama hilo kuna shamba la dhahabu na kuna jabali la mbuzi.

Pesa iko kwenye jina la pili. Mfumo wa WRB huongeza sifa mbele ya jina la kundi. "Eutriki" ina maana kwamba sehemu kubwa ya chembe za udongo bado imeshika kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, yaani chakula cha mimea. "Distriki" ina maana kwamba madini hayo yameoshwa na asidi imechukua nafasi yake. "Skeletiki" ni udongo wenye mawe mengi. Kambisoli ya Eutriki na Kambisoli ya Distriki ni ndugu kwa ukoo tu. Ya kwanza hulipa mbolea ya kukuzia msimu uleule. Ya pili hudai chokaa kwanza, na mkulima asipoipa, sehemu ya fosforasi aliyonunua ndani ya mfuko wa DAP hukamatwa na udongo kabla mizizi haijaifikia.

Somo la Uluguru

Hakuna mahali panapoonyesha gharama ya kutojua haya kama milima ya Uluguru, inayopanda hadi zaidi ya mita 2,600 na ambako Mto Ruvu unaowanywesha wakazi wa Dar es Salaam unaanzia. Miteremko yake ni mikali na mvua za upande wa mashariki ni nyingi. Mwamba unaoza haraka, lakini kinachooza kinabebwa haraka vilevile, hivyo udongo wa mteremkoni haupati nafasi ya kuzeeka.

Februari 23, 1970, mvua ya zaidi ya milimita 100 ilinyesha eneo la Mgeta kwa muda usiofika saa tatu. Watafiti waliofika baadaye walihesabu maporomoko zaidi ya 1,000. Machache sana kati yake yalianzia kwenye msitu. Mengi yalianzia kwenye mashamba na nyasi. Kila poromoko lilikuwa saa ya udongo inayorudishwa kwenye sifuri: juu pakabaki mwamba mtupu, na bondeni likamwagika tope jipya lisilo na tabaka.

Miaka ishirini kabla ya hapo, serikali ya kikoloni iliamua kuuzuia mmomonyoko kwa njia yake. Mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru ulioanza mwaka 1950 uliwataka wakulima wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko, na amri hiyo ilisimamiwa kwa adhabu. Kwenye karatasi matuta ni jibu zuri. Kwenye udongo mfupi usiokomaa, kuchimba tuta pana ni kukata ile ngozi nyembamba yenye mboji, kuifukia, na kuuleta juu mwamba uliooza nusu. Wakulima walilalamika kwamba mavuno yanashuka na kazi imezidi, na watafiti waliokuja baadaye waliona malalamiko hayo yana msingi. Aidha tuta linalotuamisha maji kwenye mteremko mkali huulemeza udongo na linaweza kuuporomosha. Mwaka 1955 vurugu zilizuka Matombo, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ukaachwa.

Historia imezoea kulieleza tukio hilo kama la siasa, na kweli lilikuwa la siasa. Lakini lilikuwa pia kosa la kiuchumi la kawaida kabisa: teknolojia moja kwa udongo wa kila namna. Hata leo, upande wa Mgeta, matuta yanalimwa kabichi, viazi na njegere na yanalipa, kwa kuwa mkulima wa mboga huongeza samadi, hupitisha maji, na huuza kwenye soko la Dar es Salaam kwa bei inayoweza kulipia kazi ya kutengeneza udongo upya. Mahindi ya debe hayana bei hiyo. Tuta lilelile linaweza kuwa na faida kwa kabichi na kuwa na hasara kwa mahindi, na si mmomonyoko unaoamua bali soko na kina cha udongo kwa pamoja.

Bondeni mambo ni mengine

Kinachopotea mlimani hakipotei nchini. Kinashuka na mito na kutandazwa mabondeni. Huko ukichimba shimo huoni mwamba. Unaona mistari kama mikeka iliyopangwa, mmoja wa mchanga, mwingine wa tope laini, mwingine wa mfinyanzi, na kila mkeka ni mafuriko ya mwaka fulani. Hizo ndizo Fluvisoli. Nazo hazijakomaa, kitaalamu, kama zile za mlimani. Lakini ni nene, zina unyevu, na mto huziongezea madini bila ankara. Mpunga wa Bonde la Kilombero umejengwa juu ya udongo wa mito.

Bei yake ni hatari. Mto unaoleta rutuba ni huohuo unaoondoa shamba. Mkoani Morogoro wapo wanaokumbuka mafuriko ya Kilosa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Anayekodi bondeni anapaswa kuihesabu hatari hiyo ndani ya kodi: shamba linalozama mara moja katika misimu mitano limempunguzia mtaji wake kwa moja ya tano hata kama misimu mingine minne ilikuwa mizuri. Pia asiipotezee fedha mbolea isiyotakiwa. Tope jipya mara nyingi lina potasiamu ya kutosha lakini mboji yake ni kidogo, hivyo njaa ya kwanza ya mimea huwa ni ya naitrojeni. Hapo mfuko wa urea wa kilo 50, wenye kilo 23 za naitrojeni, unaweza kulipa kuliko mchanganyiko ghali wenye kila kitu.

Kuna mikeka mingine ya hatari zaidi. Tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang Desemba 3, 2023 na kuua watu wengi Katesh ni udongo wa siku moja. Miaka mingi itapita kabla haujaonyesha tabaka lolote.

Udongo wa majivu ya volkano, kama wa Rungwe, nao ni wa umri mdogo, lakini umepewa kundi lake, Andosoli, kwa sababu una tabia ya pekee. Ni mwepesi, unashika maji vizuri, na viazi na ndizi hustawi. Hata hivyo unaikamata fosforasi kwa nguvu. Mbolea ya kupandia ikitawanywa shamba zima, udongo unaimeza. Ikiwekwa shimoni karibu na mbegu, mimea inapata fungu lake. Mfuko ni uleule, tofauti ni mkono unaouweka.

Ukanda wa pwani ni kinyume. Arenosoli za kichanga hazikamati kitu. Urea ikimwagwa mara moja na mvua kubwa ikafuata, naitrojeni inashuka chini ya mizizi na fedha imezama. Wanaoigawa mara mbili au tatu wanatumia mfuko mmoja na kupata zaidi. Minazi na mikorosho, yenye mizizi ya kwenda mbali, imekuwa jibu la wenyeji wa pwani kwa udongo huo kwa vizazi vingi.

Ramani haioni shamba lako

Zipo ramani, lakini ni vema kujua zinaona nini. Ile ya dunia ya FAO na UNESCO ilichorwa kwa kipimo cha moja kwa milioni tano, yaani sentimeta moja ya karatasi ni kilomita 50 za ardhi. Kijiji kizima hakitoshi hata kuwa nukta. Mapendekezo ya mbolea yanayotolewa kwa mkoa au kanda nzima yana kasoro hiyohiyo: yanachukulia kwamba mlimani, bondeni na katikati ni pamoja. Wakala wa pembejeo naye huuza alichonacho. Hana kosa, ila mteja wake wa mteremkoni na yule wa bondeni wanaondoka na mfuko mmoja kwa mahitaji mawili.

Mfanyabiashara anayewakopesha wakulima mbegu na mbolea ili alipwe kwa magunia yuko katika hatari hiyo pia, na pengine zaidi, maana fedha zake ziko katika mashamba mengi ambayo hajayakanyaga. Kwake shimo moja kwa kila mdaiwa ni dhamana ya bei nafuu kuliko hati yoyote.

Shimo lenyewe si la kitaalamu. Wakati mzuri ni mwisho wa mvua, udongo ukiwa bado laini. Lichimbwe katikati ya shamba, na jingine sehemu ya juu na ya chini ikiwa kuna mteremko, hadi kiunoni au hadi jembe ligonge mwamba. Cha kuangalia ni mizizi ya mazao ya msimu uliopita imefika wapi na imesimamishwa na nini, mawe yanaanzia wapi, rangi nyeusi ya mboji inaishia kina gani, na kama kuna madoa ya kijivu na ya kutu yanayoonyesha kwamba maji hutuama. Shamba lenye sentimeta 30 za udongo linaweza bado kufaa kwa maharage, kwa majani ya mifugo, au kwa mboga zenye maji na samadi. Lakini kodi yake isilingane na ya jirani mwenye mita moja na ushee, na shimo lililo wazi ni hoja nzuri ya kujadiliana bei na mwenye shamba akiwa amesimama pembeni.

Asidi na madini hayaonekani kwa macho, hayo ni ya maabara. Kituo cha utafiti cha Mlingano mkoani Tanga, ambacho sasa kiko chini ya TARI, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, wana maabara za udongo. Sampuli ichotwe sehemu 10 hadi 15 za shamba, kina cha sentimeta 20, ichanganywe kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, na ipelekwe takriban kilo moja ikiwa na jina la shamba na zao linalokusudiwa. Bondeni na mteremkoni visichanganywe katika ndoo moja. Majibu yakionyesha asidi kali, mkulima ana nafuu moja: fosfati ya mwamba ya Minjingu, inayochimbwa mkoani Manyara, huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wa asidi. Kwenye tope la mto lisilo na asidi hukaa tu kama vumbi, na huko ni bora kununua mbolea inayoyeyuka kwa maji.